Mashine Haikuimba: Kuitetea "Don't You Want Me"

Tarehe 27 Novemba 1981 kampuni ya Virgin ilitoa nchini Uingereza singo ya "Don't You Want Me" ya The Human League, bendi ya mjini Sheffield. Kufikia katikati ya Desemba wimbo ulikuwa umeshika nafasi ya kwanza. Ulikaa hapo wiki tano, ukaipita Krismasi ukiwa kileleni, na ukawa singo iliyouzwa kuliko nyingine zote nchini humo kwa mwaka ule. Julai 1982 uliongoza chati ya Marekani kwa wiki tatu. Uingereza peke yake imenunua nakala zake zaidi ya milioni 1.5. Takwimu hizo hazina mbishi. Ubishi uko kwenye maelezo yanayoambatanishwa nazo.

Maelezo yaliyozoeleka, yanayorudiwa kila muziki wa pop wa sinthesaiza unapotajwa, yana sehemu nne. Ya kwanza inasema kwamba mashine zilifanya kazi ambayo wanamuziki walipaswa kuifanya. Ya pili inasema kwamba kwa sababu hiyo muziki uliotoka ni baridi, hauna moyo. Ya tatu inauchukua wimbo wenyewe kuwa kibao chepesi cha mapenzi, cha kuchezwa harusini na kusahaulika asubuhi. Ya nne inadai kwamba kilichouzwa ni nywele, vipodozi na video, na muziki ulifuata nyuma. Kila moja ya sehemu hizo inaanguka ikipimwa kwa historia ya wimbo huu, jinsi ulivyotengenezwa, unachosema na jinsi watu walivyoupokea. Zikiunganishwa, zinakuwa hukumu isiyo ya haki dhidi ya kazi mojawapo bora ya pop ya karne ya 20.

Dharau hiyo ilikuwapo kabla ya wimbo wenyewe. Katika miaka ya 1970 wapenzi wa roki walipima ufundi kwa vidole na jasho: kasi ya mpiga gitaa, nguvu ya mpiga dramu, saa alizotumia mtu jukwaani. Queen waliandika kwenye majalada ya albamu zao za muongo huo kwamba hawakutumia sinthesaiza, na mashabiki waliyasoma maneno hayo kama hati ya usafi. Mwaka 1979, Gary Numan na Tubeway Army walipofika nafasi ya kwanza kwa "Are 'Friends' Electric?", waandishi wengi wa muziki walimpokea kwa kejeli. Mei 1982, wakati "Don't You Want Me" ingali ikipanda chati za Marekani, tawi la London ya kati la chama cha wanamuziki wa Uingereza lilipitisha hoja ya kutaka sinthesaiza na mashine za dramu zipigwe marufuku.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Hofu ya wanamuziki wale ilikuwa ya kweli. Januari 1982 watu wasio na kazi Uingereza walifikia milioni 3, na mpiga fidla wa studio aliyesikia kinanda kimoja kikitoa sauti ya safu nzima ya nyuzi alikuwa na kila sababu ya kuuliza atakula nini. Lakini swali la riziki hujibiwa kwa mikataba, viwango vya malipo na sheria. Haliwezi kuamua kama wimbo ni mzuri au mbaya. Waliochukua malalamiko ya haki ya kazi na kuyageuza kuwa kipimo cha sanaa walifanya makosa mawili kwa mpigo: hawakuokoa ajira, na hawakuusikiliza wimbo.

Bendi nazo zilichochea moto huo. Kraftwerk wa Düsseldorf walijionyesha kama maroboti. The Human League ya mwanzo ilisimama nyuma ya mitambo bila kutikisika huku Adrian Wright akirusha picha za slaidi ukutani, na ilijivunia kutogusa gitaa. Hata hivyo pozi la jukwaani ni sehemu ya maonyesho. Mtazamaji anayeamini kwamba mwigizaji aliyevaa kama roboti hana damu amekosea mwenyewe, na kosa lake halimhusu mwigizaji.

Kuanzia hapo inafaa kuangalia bendi ilikotoka, kwa kuwa hoja ya kwanza, kwamba mashine ndizo zilizofanya kazi, inaanza kubomoka palepale. The Human League iliundwa mwaka 1977 na Martyn Ware na Ian Craig Marsh, vijana wawili waliokuwa wakifanya kazi ya kuendesha kompyuta. Mwimbaji wao, Philip Oakey, alikuwa mhudumu wa kusukuma machela hospitalini. Sheffield ni mji wa chuma cha pua na visu, na mwaka 1980 wafanyakazi wa chuma wa Uingereza waligoma kwa takriban miezi mitatu kupigania mishahara katika sekta iliyokuwa ikiporomoka. Vijana wa mji kama ule hawakuwa na walimu wa piano nyumbani. Walichokuwa nacho ni vinanda vidogo vya Kijapani, kama vile vya Korg, ambavyo mwishoni mwa miaka ya 1970 vilikuwa vimeshuka bei kiasi cha kufikiwa na mtu mwenye mshahara wa kawaida. Punk ilikuwa imetangaza kwamba kujua mikao mitatu ya vidole kwenye gitaa kunatosha kuanzisha bendi. Vijana wa Sheffield waliendeleza wazo hilo hadi kidole kimoja kwenye kinanda. Singo yao ya kwanza, "Being Boiled", ilitoka mwaka 1978 kupitia Fast Product, kampuni ndogo ya Edinburgh. Katika hatua hiyo mashine haikuwa imemnyang'anya mwanamuziki yeyote kitu. Iliwafungulia mlango watu ambao wangebaki wasikilizaji maisha yao yote.

Albamu mbili zilifuata chini ya Virgin: Reproduction mwaka 1979 na Travelogue mwaka 1980. Ya kwanza ilipita bila kuuzwa kwa maana. Ya pili ilifika nafasi ya 16. Oktoba 1980 bendi ikapasuka. Ware na Marsh, ambao ndio waliokuwa mafundi wa sauti, waliondoka na kuunda Heaven 17. Oakey na Wright walibaki na jina, na deni, na ratiba ya ziara ya Ulaya iliyokuwa karibu mno kuahirishwa. Oakey hakuwa mpigaji wa chombo chochote kwa kiwango cha kutajwa, na Wright alikuwa mtu wa picha. Wengi waliona mwisho umefika.

Mwaka mmoja baadaye walikuwa na albamu iliyoongoza chati, Dare, na singo iliyoshinda zote. Ikiwa mashine ndizo zilizotunga, mabadiliko hayo hayaelezeki. Sinthesaiza zilikuwapo mwaka 1979 na zilikuwapo mwaka 1981. Mtu yeyote mwenye pesa aliweza kuzinunua, na wengi walizinunua bila kutoa chochote kinachokumbukwa. Kilichobadilika ndani ya The Human League kwa kiasi kikubwa ni watu. Katika ukumbi wa disko wa Crazy Daisy mjini Sheffield, Oakey aliwaona Joanne Catherall na Susan Ann Sulley, wasichana wawili waliokuwa bado shuleni, wakicheza. Akawaalika kwenye ziara wakiwa hawajawahi kuimba kitaaluma. Ian Burden, aliyetoka katika bendi nyingine ya Sheffield, aliletwa kusaidia vinanda. Jo Callis, aliyekuwa mpiga gitaa wa The Rezillos, bendi ya punk ya Uskoti, alijiunga akiwa hajawahi kupiga sinthesaiza, lakini akijua vizuri jinsi wimbo mfupi wa pop unavyojengwa. Kisha Virgin ikawakutanisha na mtayarishaji Martin Rushent, aliyekwisha kurekodi The Stranglers na Buzzcocks. "Don't You Want Me" imeandikwa kwa majina ya Callis, Oakey na Wright, yaani mpiga gitaa, mwimbaji na mrusha slaidi. Mashine haimo katika orodha hiyo.

Anayesema kwamba wimbo huu ulitengenezwa kwa kubonyeza kitufe aangalie vifaa vilivyokuwa katika studio ya Rushent, Genetic, huko Berkshire. Kifaa kikuu kilikuwa Roland MC-8, kilichotoka mwaka 1977 kwa ajili ya kuziongoza sinthesaiza. Hakikuwa na kibao cha noti za kucheza. Mtumiaji aliingiza tarakimu: namba ya urefu wa sauti, namba ya muda wa noti, namba ya sehemu ya muda huo ambayo noti itasikika kabla ya kukatwa. Kila noti ya kila mstari wa besi na kila mstari wa kinanda ilipitia utaratibu huo, na kazi ilihifadhiwa kwenye kaseti. Tarakimu moja ikikosewa, mstari mzima uliharibika. Mpiga piano hucheza noti bila kuzifikiria moja moja; aliyekaa mbele ya MC-8 alilazimika kuamua kila noti ianze lini, iishe lini na iache ukimya wa kiasi gani baada yake. Kazi hiyo inafanana zaidi na ya mtunzi anayeandika kwenye karatasi kuliko ya mpigaji, na hakuna aliyewahi kusema kwamba mtunzi wa simfonia hakufanya kazi kwa sababu vidole vyake havikugusa fidla.

Mapigo yalitoka kwenye Linn LM-1, mashine ya dramu iliyobuniwa na Mmarekani Roger Linn na kuuzwa kuanzia mwaka 1980 kwa takriban dola 5,000, bei iliyoifanya iwe mali ya wachache. Jambo ambalo wakosoaji hulipita ni kwamba sauti zilizomo ndani yake ni za dramu halisi zilizopigwa na binadamu, zikarekodiwa na kuwekwa kwenye vipande vya kumbukumbu. LM-1 haikuwa na matoazi makubwa ya kuashiria mabadiliko, kwa hiyo mpangaji wa wimbo hakuweza kutegemea kishindo cha toazi kumwambia msikilizaji kwamba kiitikio kinakuja. Ilibidi njia nyingine itafutwe: mstari wa kinanda unaopanda, sauti inayoongezwa, nafasi inayoachwa tupu. Katika "Don't You Want Me" ufundi huo unasikika waziwazi. Mpito kutoka ubeti kwenda kiitikio unapanda hatua kwa hatua kama swali linalozidi kusisitizwa, na kiitikio kinapofunguka hakihitaji toazi.

Sinthesaiza za wakati ule nyingi zilitoa noti moja tu kwa wakati mmoja. Sauti iliyosikika redioni kama fungu la noti mara nyingi ilikuwa tabaka la mistari iliyorekodiwa mmoja baada ya mwingine, kila mmoja ukiwa umechongwa rangi yake kwa swichi na vifundo ambavyo havikuwa na njia ya kuhifadhi mipangilio. Ukweli huo ulidhihirika zaidi mwaka 1982, Rushent alipotoa albamu ya rimiksi, Love and Dancing, chini ya jina la The League Unlimited Orchestra. Ili kuitengeneza alikata na kuunganisha utepe kwa mkono, wembe juu ya utepe, mara nyingi kupita kiasi cha mtu wa kawaida kuvumilia. Mwaka huohuo alipewa tuzo ya mtayarishaji bora wa Uingereza katika tuzo za Brit, na bendi ikapewa tuzo ya wanaochipukia. Watu wa ndani ya tasnia, wanaojua kazi ya studio ni nini, hawakudanganyika kuhusu nani alifanya kazi.

Hoja ya pili, ya ubaridi, na ya tatu, ya wepesi, zinakwenda pamoja, kwa sababu zote mbili hutoka kwa watu walioukariri wimbo bila kuufuatilia. Kiitikio kinajulikana dunia nzima na kimewafanya wengi waamini kwamba huu ni wimbo wa mpenzi anayebembeleza. Beti zinasema jambo jingine. Mwanamume anaanza kwa kumkumbusha mwanamke kwamba alipomkuta alikuwa mhudumu wa baa, kwamba yeye ndiye aliyemtoa huko na kumfanya nyota, na kwamba aliyempandisha anaweza pia kumshusha. Kisha swali la kiitikio linafuata. Likiwekwa baada ya tishio kama hilo, linakuwa dai la mwenye mali. Oakey mwenyewe ameeleza zaidi ya mara moja kwamba wimbo huu si wa mapenzi, kwamba unahusu mamlaka kati ya mwanamume na mwanamke, na kwamba wazo lake lilitokana na hadithi ya picha katika jarida la wasichana na filamu ya A Star Is Born.

Ubeti wa pili ndio unaoufanya wimbo kuwa mkubwa, nao unaimbwa na Sulley. Mwanamke anakubali kwamba kazi ya baa ni kweli. Anakataa sehemu iliyobaki: tangu wakati huo alijua kwamba angefika mbali, awepo mwanamume huyo au asiwepo. Anakiri kwamba miaka waliyokaa pamoja ilikuwa mizuri na kwamba bado anampenda, lakini anasema wakati umefika wa kuishi maisha yake mwenyewe. Katika mistari michache hoja yote ya mwanamume inavunjwa bila tusi wala kelele. Nyimbo za majibizano kati ya mume na mke ni za kale katika pop, na mara nyingi huishia kwenye upatanisho. Huu hauishii huko. Kiitikio kinarudi, sauti zinaimba maneno yaleyale zikiwa zimesimama pande mbili za ugomvi, na wimbo unafifia bila mshindi kutangazwa.

Wanaolalamika kwamba sauti ya Sulley ni bapa na haijafunzwa hawajauelewa mpango wa wimbo. Mwanamke anayeimba ndiye aliyetoka katika kazi ya kawaida na anayekataa kuitwa kiumbe cha mtu mwingine. Mwimbaji mwenye madoido ya opera angeufanya ubeti huo uwe tamthilia ya kujionyesha. Msichana wa Sheffield anayesema maneno yake kwa sauti ya mtaani kwake anaufanya uaminike. Oakey kwa upande wake anaimba kwa sauti nzito ya kujitukuza, na uzito huo unafichua majivuno ya mhusika anayemwigiza. Hapo ndipo mapigo yasiyobadilika yanapopata maana. Mpiga dramu wa kibinadamu angeongeza nguvu mwanamume anapopandwa na hasira, na kwa kufanya hivyo angemwonea huruma. LM-1 haimwonei huruma mtu. Mwanamume anatishia, anabembeleza, anarudia. Mapigo yanaendelea vilevile, na msikilizaji anaona wazi kwamba maneno yake hayabadilishi kitu. Kinachoitwa ubaridi hapa ni uamuzi wa kisanaa unaobeba maumivu ya wimbo mzima.

Wakosoaji hupenda pia kumtumia Oakey kama shahidi wao. Ni kweli kwamba hakuupenda. Aliuona kuwa dhaifu kuliko nyimbo nyingine za albamu ya Dare, na uliwekwa mwisho wa upande wa pili. Simon Draper wa Virgin alipoamua utolewe kama singo ya nne ya albamu, Oakey alipinga, na inaelezwa kwamba alidai nakala ziambatane na bango kubwa la rangi ili mashabiki wasijione wametapeliwa. Lakini sababu ya kutoupenda ni muhimu kuliko kutoupenda kwenyewe. Rushent na Callis walikuwa wameulainisha kutoka umbo la awali lililokuwa kali zaidi, na Oakey aliona umekuwa pop mno. Huo ni ugomvi wa ladha kati ya washiriki wa kazi moja. Msanii aliyechoka studioni ni hakimu mbaya wa matokeo, na historia ya muziki imejaa watunzi waliodharau kazi zao bora. Zaidi ya hayo, ushahidi huu unawageuka walioutoa. Wanaodai kwamba singo hii ilikuwa bidhaa iliyopangwa kwa hesabu za biashara wanapaswa kueleza kwa nini iliwekwa wimbo wa mwisho wa albamu, ikatanguliwa na singo nyingine tatu kutoka albamu hiyohiyo, na ikapingwa na mwimbaji wake.

Hoja ya nne ni ya sura na video. Video iliongozwa na Steve Barron na kupigwa karibu na Slough usiku wa mvua wa Novemba 1981, kwa filamu ya milimita 35 ya sinema, wakati video nyingi za muziki zilikuwa zikipigwa kwa vifaa vya bei nafuu vya televisheni. Inaonyesha filamu ikitengenezwa ndani ya filamu, wazo lililokopwa kutoka La Nuit américaine ya François Truffaut. Ni kazi nzuri, na Marekani, ambako kituo cha MTV kilikuwa kimeanza Agosti 1981 na kilikuwa na njaa ya video, ilisaidia sana. Hilo halina haja ya kufichwa. Lakini ushindi wa kwanza na mkubwa ulipatikana Uingereza, ambako hapakuwa na MTV kabisa. Tawi lake la Ulaya lilifunguliwa mwaka 1987. Waingereza waliusikia wimbo redioni na kuwaona waimbaji wake kwenye televisheni kwa dakika chache za wiki, sawasawa na walivyowaona wapinzani wao. Mwaka ule Uingereza ilijaa bendi zenye nywele za ajabu, vipodozi na nguo za fahari, na nyingi zilikuwa na video. Kama mtindo wa nywele ungetosha, zote zingeuza nakala milioni. Pia video haielezi kwa nini wimbo uliendelea kununuliwa na kuimbwa na watu waliozaliwa baada ya mitindo ile kupitwa na wakati.

Imebaki ile shutuma ya jumla kwamba muziki wa mashine hauna moyo, shutuma inayotolewa mara nyingi kwa kuulinganisha na soul ya Wamarekani Weusi kama kipimo cha hisia za kweli. Wenye kipimo hicho hawakukubaliana na wanaokitumia kwa niaba yao. Stevie Wonder alijenga albamu zake za mwanzoni mwa miaka ya 1970 juu ya TONTO, sinthesaiza iliyojaza chumba. Marvin Gaye aliimba "Sexual Healing" mwaka 1982 juu ya mapigo ya mashine ya dramu ya Roland TR-808, na hakuna mtu mwenye akili timamu aliyeuita wimbo huo baridi. Huko Detroit, vijana Weusi waliokuja kuunda techno katikati ya miaka ya 1980, akiwamo Juan Atkins, walikua wakisikiliza redioni Kraftwerk na pop ya elektroniki ya Uingereza pamoja na funk ya kwao. Mwaka 1986 Jimmy Jam na Terry Lewis, watayarishaji wa Minneapolis waliokuwa wametoka kutengeneza albamu ya Control ya Janet Jackson, walifanya kazi na The Human League wenyewe na kuwatungia "Human", wimbo uliofika nafasi ya kwanza Marekani. Watu waliokuwa warithi halali wa soul walisikia katika bendi ya Sheffield kitu ambacho walinzi wa roki wa London hawakukisikia.

Ushahidi wa mwisho unatoka mahali ambapo hapana mashine yoyote. Machi 2014 klabu ya Aberdeen ilishinda Kombe la Ligi la Uskoti kwa mikwaju ya penalti dhidi ya Inverness Caledonian Thistle. Mashabiki wake walikuwa wameugeuza wimbo wa "Don't You Want Me" kuwa wimbo wa kumsifu kiungo wao Peter Pawlett, na baada ya ushindi walianza kuununua kwa wingi. Zaidi ya miaka 32 baada ya kutolewa, ulirudi kwenye chati ya Uingereza katika nafasi ya 19 na kuongoza chati ya Uskoti. Maelfu ya watu uwanjani hawana LM-1 wala MC-8. Wana mapafu na viganja. Mahadhi ambayo yanashikika na umati bila chombo hata kimoja, bila jukwaa wala taa, ni mahadhi yaliyotungwa vizuri, na hiyo ndiyo sifa ya zamani kuliko zote ambayo wimbo unaweza kuwa nayo.

Mabishano haya hayajaisha, kwa sababu kila kizazi huyarudia kwa kifaa kipya: mashine ya dramu, kisha sampuli, kisha kompyuta ya chumbani, kisha programu ya kunyoosha sauti. Kila mara shutuma huwa ileile, na kila mara huanza kwa kuuliza ni kifaa gani kilichotumika. Swali hilo halifai kuwa la kwanza. La kwanza ni nani aliyeamua wimbo useme nini, noti ipi ibaki na ipi iondolewe, sauti ya nani ijibu ya nani, na kama uamuzi huo unamgusa msikilizaji. Kwa "Don't You Want Me" majibu yanajulikana na yana majina: Oakey, Callis na Wright waliandika, Rushent alipanga tarakimu na kuchonga sauti, Burden na Catherall waliijenga bendi iliyouzaa wimbo, na Sulley, msichana aliyeokotwa disko bila cheti chochote cha muziki, aliimba ubeti uliougeuza wimbo wa majivuno kuwa wimbo wa uhuru. Kazi hiyo ilitungwa kwa akili, ikatengenezwa kwa subira na kuimbwa kwa hisia zilizodhibitiwa, na inastahili kuhesabiwa miongoni mwa singo bora za Uingereza bila sharti la kwanza kuiombea radhi kwa vifaa vyake.